Pima Umelala, Pima na Umesimama

Mtu anapoinuka kitandani, nusu lita ya damu au zaidi huteremkia tumboni na miguuni. Asipoanguka, ni kwa sababu neva zinazofanya kazi bila kuagizwa zimeshaibana mishipa na kuuharakisha moyo kabla hajapiga hatua ya kwanza. Neva hizohizo husimamia jasho, kibofu, utumbo na mboni za macho. Zikidhoofika, mgonjwa hulalamikia kizunguzungu, kuona giza au kuzimia, na wanaomzunguka husema ana kifafa, amepungukiwa damu au amepandwa na mashetani. Hoja yangu ni kwamba kipimo cha kwanza cha neva hizi hakihitaji mashine kubwa, na mkazi wa Nakwa anayekwenda mjini Babati kutibiwa anastahili kukipata.

Kinahitaji kitanda, saa na mashine ya presha. Mgonjwa hulala chali kwa dakika tano, hupimwa presha na mapigo ya moyo, kisha husimama na kupimwa tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, kipo cha kuchunguza. Mapigo ndiyo yanayodokeza chanzo. Tuseme presha ya juu imetoka 140 ikafika 110, na mapigo yamepanda kutoka 72 hadi 78 tu: moyo umeongeza mapigo sita mbele ya upungufu wa 30. Neva zenye afya zingeuchochea zaidi, kwa hiyo hapa zenyewe zinashukiwa. Mapigo yangeruka hadi 110, daktari angeanza kufikiria kuharisha, kutokwa na damu au upungufu wa maji.

Hospitali kubwa zenye vifaa huongeza vipimo vingine. Miaka ya 1970, mtafiti David Ewing na wenzake mjini Edinburgh walionyesha kwamba neva za moyo za wenye kisukari zinaweza kukaguliwa bila sindano. Mgonjwa huvuta pumzi kwa sekunde tano na kuitoa kwa sekunde tano, mara sita kwa dakika, huku umeme wa moyo ukirekodiwa. Kisha hupuliza mrija kwa sekunde 15 akiushikilia mshale wa kipimo cha presha kwenye 40. Kuna pia kitanda kinachoinuliwa taratibu mgonjwa akiwa amefungwa mikanda. Anaweza kusikia kichefuchefu au hata kuzimia, lakini wahudumu wako kando yake, na kitanda kikilazwa fahamu hurudi upesi. Kahawa na sigara huachwa kabla ya vipimo hivi. Dawa haziachwi mpaka daktari aseme.

Wapo watakaosema foleni ya kliniki hairuhusu dakika kumi kwa mgonjwa mmoja. Lakini si kila mgonjwa anayehitaji. Wanaohitaji ni mwenye kizunguzungu, mzee anayeanguka, mwenye kisukari cha miaka mingi, na anayeongezewa dawa za presha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, kwa hiyo kundi hili si dogo. Wengine watasema kipimo hiki hakitoshi. Ni kweli: presha ya baadhi ya watu hushuka baada ya dakika tatu, na jibu zuri la siku moja haliondoi tatizo. Ila ndicho kinachosaidia kuamua nani asafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Moshi kumwona bingwa, na nani atibiwe hapahapa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba neva zilizoharibika mara nyingi haziponi, basi kujua kuna faida gani? Faida ni kuzuia madhara. Daktari akijua, atapunguza dawa inayoishusha presha kupita kiasi. Mgonjwa ataketi ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, atakunywa maji ya kutosha, na atainua upande wa kichwani wa kitanda chake. Mwenye kisukari ataonywa kwamba neva zilizochoka zinaweza kuficha maumivu ya moyo na dalili za sukari kushuka. Hatua hizi zote zinawezekana Nakwa. Zinasubiri kadi ya kliniki ibebe presha mbili badala ya moja, na mgonjwa anaweza kuzianzisha kwa ombi moja la heshima: naomba unipime na nikiwa nimesimama.