Mzamiaji na Shimo la Maji

Nchi ya Kyela haina shida ya maji. Mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushuka kutoka milimani kuingia Ziwa Nyasa. Kwa hiyo shimo lolote lililochimbwa, liwe la udongo wa matofali au la kifusi cha barabara, hujaa maji masika yakifika. Watoto hulipenda, maana halina mkondo kama mto wala mawimbi kama ziwa. Wazazi nao hulidharau.

Huko Uingereza liko shimo kubwa la namna hiyo, liitwalo Stoney Cove. Watu walichimba mawe hapo mpaka mwaka 1958, kisha maji ya chemchemi yakalijaza. Kina chake ni karibu meta 35. Sasa watu huenda huko kujifunza kuzamia wakiwa na mitungi ya hewa mgongoni. Nao ni watu wazima, wenye vyombo na walimu. Basi, kama hao hawaingii shimoni bila mafunzo, mtoto wetu aingie peke yake kwa nini?

Hewa chini ya maji

Wengine hudhani kwamba mtu aweza kukaa chini ya maji akivuta hewa kwa mwanzi mrefu. Haiwezekani. Maji ni mazito. Meta moja tu chini, hukibana kifua hata mtu hawezi kukitanua avute pumzi. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo kinachompa mzamiaji hewa kila anapovuta pumzi, yenye nguvu sawasawa na msukumo wa maji yaliyomzunguka.

Hewa ya mtungini ni hii hii tunayovuta sisi, ila imeshindiliwa. Mtungi wa lita 12 huweza kutiwa hewa ambayo huku nje ingejaza madumu 120 ya lita 20. Mtu anayetumia dumu moja kwa dakika ingemtosha saa mbili akiwa juu. Lakini kwa kina cha meta 10 itamtosha karibu saa moja, na kwa meta 30 nusu saa tu, kwa kuwa kadiri anavyoshuka ndivyo kila pumzi inavyokula hewa nyingi zaidi.

Kupanda nako kuna hatari. Hewa iliyovutwa chini hutanuka juu. Mzamiaji akizuia pumzi huku akipanda, mapafu yake yaweza kupasuka. Tena akipanda mbio baada ya kukaa sana kilindini, hewa iliyoingia katika damu hutoa mapovu, kama soda inapofunguliwa. Mtaalamu Mwingereza, John Scott Haldane, alijaribu jambo hilo kwa mbuzi, na mwaka 1908 akatoa kanuni za kupanda polepole.

Hata katika ziwa letu wataalamu wamezamia kwa mitungi, wakichunguza samaki wa miambani ambao majike yao hulea mayai kinywani. Ziwa hilo, mahali pake pa kina kirefu kabisa, lina karibu meta 700. Lakini mzamiaji wa kujifurahisha hapiti meta 40. Anajua mpaka wake.

Tujifunze nini?

Mzamiaji ana desturi mbili zinazotufaa hata sisi tusio na mitungi. Kwanza, haendi peke yake. Pili, haingii kabla ya kujua kina na njia ya kutokea. Shimo la matofali kingo zake zimekatwa wima, na udongo wake huteleza. Hatua moja maji ni ya magoti, ya pili yamepita kichwa, wala hakuna pa kushika. Tena maji ya tope humficha aliyezama.

Wazazi, shimo lisilo na kazi tena lifukieni. Lenye kazi lizungushieni ua, na pembeni yake wekeni kamba, mti mrefu na kipande cha mgomba, maana mgomba huelea. Mtu akizama, mtupieni hivyo. Asiyejua kuogelea asimfuate majini, wasije wakafa wawili.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini. Mlazeni chali, inueni kidevu, mzibeni pua na kumpulizia pumzi tano kinywani. Asipozinduka, kandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, kisha pumzi mbili, mkiendelea hivyo bila kukata tamaa huku mwingine akikimbilia msaada. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Wazee walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Neno hilo si la ziwani tu; ni la shimo lililo nyuma ya nyumba pia.