Kumkusanya Frank Odoi

Wakusanyaji wa katuni za mashujaa wana makundi mawili. Wapo wanaomfuata shujaa, na wapo wanaoufuata mkono uliomchora. Wa kwanza hununua kila toleo lenye jina la Superman au Spider-Man, hata wachoraji wakibadilishwa mara kumi. Wa pili hawashughuliki sana na jina la jalada, hutafuta saini. Huko Marekani anayetajwa zaidi katika ukusanyaji wa aina hii ni Jack Kirby. Kirby ndiye aliyechora Fantastic Four kuanzia 1961, na katika toleo la 52 la mfululizo huo, la Julai 1966, Black Panther wa Wakanda alionekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 1970 aliihama kampuni ya Marvel akaenda kwa mshindani wake, DC. Anayemkusanya Kirby naye huhama hapo hapo.

Nchini Kenya njia hii ya pili ndiyo inayofaa, kwa sababu hakuna kampuni ya Nairobi iliyomshikilia shujaa mmoja miaka hamsini na kumpa namba za matoleo zinazofuatana. Katuni zimetawanyika magazetini, kwenye vijitabu na kwenye vitabu vya mashirika ya maendeleo. Kinachoziunganisha ni mchoraji, na kwa mashujaa wenye nguvu za ajabu mchoraji wa kuanza naye ni Frank Odoi.

Odoi alikuwa Mghana aliyehamia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970 akawa mmoja wa wachora vibonzo waliojulikana sana nchini. Aliishi na kufanya kazi huko hadi 21 Aprili 2012, alipofariki katika ajali ya matatu. Kazi yake kubwa ya mashujaa ni Akokhan, hadithi ya mapambano kati ya watu wenye nguvu zipitazo za binadamu. Hakuna mavazi ya kubana wala majumba marefu ya New York; uchawi, wahenga na ngano za Kiafrika ndizo zinazoendesha mambo. Mfululizo wake mwingine unaotafutwa ni Golgoti.

Mkusanyaji wa Odoi huanza na hizo mbili, kisha hupanuka. Kuna vibonzo vyake vya siasa. Kuna kitabu cha mwongozo alichoandika pamoja na Mfini Leif Packalén, Comics with an Attitude, kilichotolewa Finland mwaka 1999, kinachoeleza jinsi katuni zinavyoweza kutumiwa kufikisha ujumbe wa maendeleo. Halafu kuna Pichadithi, vijitabu vya ngano za Kenya vilivyotolewa na Kul Graphics, kampuni ya Terry Hirst, Mwingereza aliyewahi kuanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973. Hapa tahadhari inahitajika. Pichadithi ilichorwa na zaidi ya mtu mmoja, Odoi akiwa mmojawapo, kwa hiyo jina la mfululizo peke yake halithibitishi kitu. Sharti jina la mchoraji lisomwe ndani ya kijitabu.

Hata hivyo mkusanyaji mwenye msimamo mkali sana hujinyima uhondo. Kati ya Pichadithi kuna Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki haikumwingia, mpaka adui walipojua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Nguvu isiyoshindika na siri moja inayoiangusha: ni muundo ule ule wa Superman, na masimulizi ya Wajaluo wa Kano hayakuungoja uje kutoka Amerika. Wajaluo huwaita adui hao Lang'o, yaani majirani zao Wakalenjin, na kwa hiyo msomaji wa upande wa Rongai au Kericho huenda akaipima hadithi hiyo kwa mizani nyingine kabisa.

Ugumu wa kuzipata kazi hizi unaeleweka vizuri mtu akiiangalia Salgaa. Mji huu mdogo wa Rongai, kaunti ya Nakuru, umekaa juu ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, na malori yanayotoka Mombasa kuelekea Uganda na kwingineko hulala hapo. Gazeti likifika katika mji wa namna hiyo husomwa hotelini na watu wengi, dereva, tanboi na mwenye hoteli, kisha huhamia kwenye bucha kufungia nyama au kibandani kufungia maandazi. Ukurasa wa katuni hausazwi. Katuni ya gazetini ilichapishwa kwa maelfu, na bado ni adimu, kwa kuwa karibu kila nakala ilitumika mpaka ikaisha. Action Comics namba 1 ya 1938, iliyomleta Superman, ilipita njia hiyo hiyo: iliuzwa senti kumi, watoto wakaisoma na kuitupa. Nakala moja iliyosalimika iliuzwa dola milioni 6 mwaka 2024. Jarida la katuni la Shujaaz, lililoanza 2010 na kugawiwa bure ndani ya Saturday Nation na kwenye maduka ya M-Pesa, nalo limo katika njia hiyo. Cha bure hutupwa upesi zaidi.

Kwa mkaaji wa Salgaa, utafutaji huanzia Nakuru kwa wauza vitabu vya mtumba, kisha Nairobi. Marobota ya magazeti ya zamani yanayouzwa kwa kilo yanafaa kupekuliwa kabla hayajakatwa. Kwa kulinganisha tarehe, Nyaraka za Taifa jijini Nairobi zina magazeti ya miaka mingi. Isitoshe, Sheria ya Vitabu na Magazeti inamtaka mchapishaji kupeleka nakala za kila chapisho kwa msajili wa serikali. Mkusanyaji mzuri hutengeneza orodha yake mwenyewe: tarehe, gazeti, ukurasa, na kama hadithi inaendelea.

Karatasi ya gazeti ni dhaifu kwa asili. Imetengenezwa kwa rojo la mti lenye lignini, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa hutoa asidi inayoigeuza karatasi manjano, kisha kuivunja kama mkate mkavu. Kwa hiyo kipande hulazwa bila kukunjwa, ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na dirisha na moshi wa jikoni. Selotepu ni marufuku, kwani gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka. Kulamineti ni kosa kubwa zaidi, maana hakurudishiki nyuma. Vijitabu kama Pichadithi vina pini za chuma zinazoshika kutu msimu wa mvua, na sanduku likiwekwa sakafuni mchwa hawataomba ruhusa.

Soko la Marekani lina kampuni zinazopima hali ya nakala kwa alama kuanzia 0.5 hadi 10 na kuifungia ndani ya plastiki ngumu. Kazi za Odoi hazina kipimo rasmi cha namna hiyo, na bei hutokana na maelewano. Kuwa na nakala si kuwa na haki ya kuichapisha: sheria ya hakimiliki ya Kenya hulinda kazi ya mchoraji kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na kwa Odoi hiyo ni hadi mwisho wa 2062. Kurasa za asili zilizochorwa kwa wino ni jambo jingine tena. Kila moja ni ya pekee, na thamani yake hutegemea kujulikana ilikotoka. Risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na maelezo ya ukurasa huwekwa pamoja na mchoro, katika bahasha yake yenyewe.