Kelele za Springi za Pikapu

Mwenye pikapu akisikia gari lake likilia upande wa nyuma, mara nyingi hukimbilia kununua springi mpya. Asifanye haraka, kwanza na aitambue sauti.

Mlio wa kukwaruza, kama wa mlango mkavu, aghalabu hutoka katika bushi zilizochakaa, au katikati ya vyuma vya springi vilivyoingia vumbi na kutu. Huo ni udhia tu. Lakini bushi za mpira zisipakwe grisi ya kawaida, maana huula mpira; zilizochakaa zibadilishwe.

Mgongo mwepesi wa haraka barabarani penye mashimo huelekea kwenye shokapu. Tazama bushi za ncha zake, na kama imevuja mafuta.

Mgongo wa kuogopwa ni ule mmoja mzito, gari linapoondoka au linapofunga breki. Hapo zichunguze boliti zilizopindwa mfano wa herufi U, zinazoifunga springi katika ekseli. Zikilegea, boliti ndogo ya katikati hubebeshwa kazi isiyo yake, nayo hukatika; ekseli huteleza mahali pake, na gari lenye shehena huvuta upande, dereva asiweze kulizuia. Mstari wa chuma kinachong'aa kando ya kutu ni dalili kwamba kitu kinacheza.

Fundi asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Nati zikazwe kwa kadiri ya kitabu cha gari, kisha zikaguliwe tena baada ya safari chache, kwa kuwa boliti mpya hulegea kidogo zinapokaa.