Visiwa Ndani ya Ubongo

Kila Mwislamu amefunzwa tangu chuoni kwamba mwanadamu huumbwa tumboni mwa mama yake hatua baada ya hatua, wala hapana hatua itanguliayo wakati wake. Leo tumependa kuwaeleza wasomaji wetu, wazee kwa vijana, sehemu moja ndogo ya kazi hiyo tukufu, kama wataalamu walivyoichungua katika ubongo wa wanyama wanyonyeshao.

Ndani kabisa ya ubongo mna sehemu iitwayo striatamu. Sehemu hii husaidia kuongoza mwendo wa viungo na kujenga mazoea. Chembe zake hupelekewa habari kwa kemikali iitwayo dopamini, itokayo kwa chembe nyingine zilizoko katika ubongo wa kati, ambazo hutuma nyuzi nyembamba mno mpaka huko. Mzee apatwapo na ugonjwa wa Parkinson, mikono ikatetemeka na hatua zikawa nzito, sababu ni kwamba nyingi katika chembe hizo zimekufa.

Basi nyuzi hizo huingiaje katika ubongo unaokua? Mtu angedhani kwamba huenea pote kwa mara moja, kama mvua juu ya shamba. Sivyo. Mwaka 1972, huko Uswidi, Olson, Seiger na Fuxe walitazama ubongo wa panya wachanga kwa njia inayoifanya dopamini ing'ae chini ya hadubini. Wakaona visiwa ving'aavyo, na baina yao mahali pa kufifia. Katika wiki chache baada ya kuzaliwa, nyuzi hujaza mahali palipobaki, na visiwa havitambulikani tena kwa njia ile.

Je, vimetoweka? La. Mwaka 1978 Ann Graybiel na Clifton Ragsdale, huko Marekani, walionyesha kwamba striatamu ya mwanadamu, ya tumbili na ya paka imegawanyika makao mawili: madoa yaitwayo striosomu, na uwanda unaoyazunguka. Madoa hayo yapo pale pale palipokuwa visiwa vya utotoni. Chembe zake huzaliwa mwanzo, na chembe nyingi za uwanda hufuata baadaye. Madoa yanahusiana zaidi na sehemu za ubongo zishughulikazo na hisia za moyo. Uwanda unahusiana zaidi na mwendo na milango ya fahamu.

Ama swali la nani aliyeyapanga makao hayo, jibu lake lina mazingatio. Mwaka 1992 van der Kooy na Fishell walieleza yaliyotokea walipoharibu chimbuko la dopamini katika panya wasiozaliwa bado. Chembe za madoa na za uwanda zilijitenga vile vile. Lakini vipokeo fulani, ambavyo kwa kawaida hujikusanya katika madoa, havikujikusanya. Kwa hiyo dopamini si fundi wa pekee. Ni mmoja wa mafundi, mwenye kazi yake na zamu yake, na akikosekana nyumba husimama lakini haikamiliki.

Enyi akina baba, hapa ndipo penye neno letu. Nikotini iliyomo katika tumbaku hupita katika kondo la nyuma ikamfikia mtoto, nayo huziamsha chembe zile zile zitoazo dopamini. Majaribio juu ya wanyama yameonyesha kwamba nikotini wakati wa mimba hubadili ukuaji wa njia hizo. Wala si lazima mama avute mwenyewe: moshi wa mumewe chumbani humfikia yeye, na kwake hupita kwa mwanawe. Hatusemi kwamba kila mtoto wa mvutaji ataharibika. Tunasema kwamba fundi asisumbuliwe akiwa kazini.

Wako watu ambao humwekea mke mja mzito chakula kizuri, wakamwombea dua asubuhi na jioni, kisha wakawasha sigara kando ya kitanda chake. Dua ni jambo jema, na kuzima sigara ni katika kuitimiza. Mtoto ni amana tangu siku zile ambazo hana jina wala sauti.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuichunga amana hiyo. Amin.