Kuhamia Kompyuta Mpya: Faili Zinanakiliwa, Programu Hazinakiliwi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na tangu hapo wapo mafrateri na makarani wa parokia wanaolazimika kubadili kompyuta. Mashine mpya ikifika, wengi hudhani kuhamisha vitu ni kazi ya flashi na saa moja. Kwa faili, ni karibu kweli. Kwa programu sivyo, na hapo ndipo kazi ya miaka inapopotea.

Faili inajitosheleza. Barua, tasnifu au picha ukiinakili, nakala ni sawa na ile ya kwanza. Programu inaposakinishwa husambaza vipande vyake sehemu nyingi za kompyuta, na Windows huiandika katika daftari lake la ndani liitwalo rejista. Ukibeba folda ya programu na kuibandika kwenye mashine mpya, mara nyingi haitafunguka: imefika, lakini haijaandikishwa. Lazima isakinishwe upya kutoka chanzo chake halali, pamoja na namba ya leseni. Hapo tuangalie jambo moja mapema: Microsoft Office iliyonunuliwa pamoja na kompyuta mara nyingi leseni yake imefungwa kwenye kompyuta hiyo, haihami. Asiye na fedha ya leseni mpya atumie LibreOffice, ambayo ni ya bure, kuliko kuomba nakala ya wizi yenye virusi.

Hatari kubwa iko kwenye programu zinazotunza taarifa ndani yake zenyewe, kama zile za kuandikisha ubatizo, ndoa na zaka. Taarifa hizo aghalabu hazikai kwenye folda ya nyaraka. Huenda ziko katika folda iliyofichwa, kama AppData au ProgramData. Karani ananakili nyaraka zote kwa uaminifu, kompyuta ya zamani inagawiwa, kisha anakuja mchumba kuomba cheti cha ubatizo na orodha haipo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kila parokia iwe na madaftari ya ubatizo na ndoa, kwa hiyo kitabu cha karatasi kitaokoa. Lakini nani atachapa upya majina yale yote? Njia salama ni kutumia sehemu ya programu yenyewe ya kuhifadhi nakala, kuirejesha nakala hiyo kwenye mashine mpya, kisha kulinganisha idadi ya majina na kufungua machache, ya zamani na ya karibuni.

Walimu wa kwaya nao wasikilize. Nota zilizoandikwa kwa Finale zinahitaji Finale, na kampuni ya MakeMusic ilitangaza Agosti 2024 kwamba haiiendelezi tena. Kabla ya kuiacha kompyuta ya zamani, kila wimbo utolewe kwa muundo wa MusicXML, unaofunguka kwenye MuseScore ya bure, na pia kwa PDF ya kuchapisha. Ni kazi ya kuchosha kwa mwenye nyimbo mia mbili, lakini ikishafutwa ile mashine hakuna njia ya mkato.

Kwa faili za kawaida tusisahau zilizoachwa kwenye skrini ya mwanzo, zilizopakuliwa, barua pepe zilizohifadhiwa ndani ya Outlook, na maneno ya siri yanayokumbukwa na kivinjari. Tunapendelea diski ya nje kuliko flashi. Flashi ikigoma kupokea video ndefu huku nafasi ipo, huenda imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, usiokubali faili moja inayofikia GB 4. Kuiandaa upya kwa exFAT hutatua tatizo, ila hufuta kila kilichomo.

Kompyuta ya zamani tuiweke kabatini angalau mwezi mzima, maana kinachokosekana huonekana siku kinapohitajika. Baada ya hapo ndipo igawiwe, na si kabla ya kusafishwa. Kutupa faili kwenye pipa la taka na kulimwaga hakutoshi, kwani mtu mwenye programu ya kurejesha faili anaweza kuzipata tena. Kwenye mipangilio ya Windows ipo sehemu ya kurudisha kompyuta katika hali ya mwanzo. Tuchague kuondoa kila kitu na kusafisha diski pia. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Ndani ya diski ile zimo namba za simu za waamini, michango yao, na pengine barua za kesi za ndoa.