Mtikisiko wa Darubini
Mwanafunzi aichunguliaye Zohali kwa darubini uani, akaona pete zake zikichezacheza, aghalabu huilaumu lenzi. Yafaa kwanza aichunguze stendi. Darubini ikuzayo mara 100 hukuza na mtikisiko mara 100. Kidole kikigusa tu, sayari huruka.

John Dobson, aliyekuwa mtawa nchini Marekani tangu 1944 hadi 1967, aliachana na miguu mitatu myembamba. Darubini zake, zenye bomba la karatasi ngumu, alizikalisha katika sanduku fupi la plaiwudi lizungukalo juu ya vipande vya Teflon. (Utelezi wake si wa kupita kiasi, na hapo ndipo penye siri: msuguano mdogo huishika darubini palepale ilipoachwa.) Fundi seremala wa kawaida hulimudu.

Dunia nayo haisimami. Eneo la mbingu lionekanalo likiwa na upana wa nusu digrii, Zohali iliyo katikati hutoweka baada ya dakika moja hivi. Hapana budi kuisukuma darubini polepole kwa mkono.

Kipimo ni rahisi. Bomba ligongwe kidogo, sekunde zihesabiwe hadi taswira itulie. Zikizidi mbili au tatu, seremala aitwe kabla ya kununuliwa lenzi nyingine.