Mizani ya nyuzi za gita

Kama umewahi kuvusha maharage au dagaa kati ya Manyovu na Mugina, unajua kwamba ugomvi mkubwa sokoni si wa bei. Ni wa mizani. Leo nazungumzia mizani ya aina nyingine, ile ya kupimia nyuzi za gita, kwa kuwa iliamua ugomvi uliokaribia kunitoa katika kwaya ya nyumbani kwetu.

Gita nilijifunza ukimbizini. Nilivuka mpaka mwaka 1993 nikiwa na miaka 10, nikakulia Kasulu, katika kambi ya Mtabila. Gita lilikuwa moja, wanaolitaka wengi, na kinanda hatukuwa nacho. Aliyetufundisha alikaza uzi mnene kwa kukadiria, kisha nyuzi tano zilizobaki akazipatanisha na huo. Kwa kuwa nyuzi zilikuwa adimu, tulizoea kuzilegeza kidogo zisikatike. Kwetu sisi hiyo ndiyo ilikuwa sauti yenyewe, na tuliimba vizuri.

Kambi ilipofungwa mwaka 2012 nilirudi Burundi, nikapata kazi ya ualimu kusini mwa nchi. Jumapili ya pili nikabeba gita kwenda kwaya. Kinanda kikaanza, nami nikaingia. Watu wakageuka kunitazama.

"Mwalimu, gita lako halijapatana," akasema kijana wa kinanda.

Nikapiga uzi mmoja mmoja. Zimepatana. Nikamjibu kwamba kibovu ni kinanda chake. Hapo mtu wa nyuma akasema kwa sauti ya chini, nami nikasikia: "Hawa wa kambini wamerudi na muziki wao."

Aliyerudi kutoka ukimbizini anajua neno kama hilo linavyouma. Habari haikuwa ya gita tena.

Aliyetuokoa ni dada mmoja mwanakwaya, mfanyabiashara wa vitenge. Safari iliyofuata alirudi kutoka Kigoma na kifaa kidogo kama kiberiti. Wapigaji wanakiita tyuna. Kinabanwa kwenye kichwa cha gita na kupokea mtetemo wa mbao yenyewe, hivyo hata watu wakipiga kelele hakidanganyiki kwa urahisi. Kwenye kioo chake hutokea herufi ya sauti na mshale. Mshale ukilala kushoto, uzi umelegea. Ukilala kulia, umekazwa mno. Ukisimama katikati, umefika.

Tukapima mbele ya wote. Kila uzi wangu ulikuwa chini kwa senti 40 hivi. Hizi si senti za fedha. Ukihama kutoka chuma kimoja cha shingo ya gita hadi kinachofuata, umepanda senti 100. Kwa hiyo nilikuwa chini kwa karibu nusu ya hatua hiyo. Kinanda kilipopimwa kwa kifaa cha aina hiyo hiyo kwenye simu, mshale ukasimama katikati.

Mzee wa kwaya akacheka. "Basi hapa hakuna mwongo," akasema. "Nyuzi za mwalimu zinapatana zenyewe kwa zenyewe. Hazijapatana na zetu tu."

Nilikaza nyuzi palepale, tukaimba.

Kipimo hicho hakikushuka mbinguni. Ni makubaliano ya watu. Mwaka 1859 Ufaransa iliamua kwamba sauti ya la, ambayo kifaa huiandika A, iwe mitetemo 435 kwa sekunde. Mkutano wa London wa mwaka 1939 ukapendekeza 440, na Shirika la Kimataifa la Viwango likathibitisha hiyo mwaka 1975. Ni kama kilo: haina kabila wala upande wa mpaka, kazi yake ni kuwawezesha wageni wawili kuuziana.

Sasa namna ya kupima. Kwanza, jua herufi. Kuanzia uzi mnene kabisa hadi mwembamba ni E, A, D, G, B, E. Kwa wale waliosoma Kifaransa ni mi, la, re, sol, si, mi. Mnene hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde, mwembamba mara 329.6.

Piga uzi mmoja tu, zingine zizuie kwa kiganja. Tazama herufi kabla ya mshale, maana mshale unaweza kusimama katikati ya herufi isiyo yake, nawe ukaendelea kukaza mpaka uzi ukukatikie usoni. Ukipitiliza, usirudi kidogo ukaishia hapo. Legeza mpaka chini ya kipimo, kisha panda tena taratibu, kwa sababu uzi uliofikiwa kwa kukazwa hushika kuliko uliofikiwa kwa kulegezwa. Ukimaliza zote sita, rudia kuanzia mwanzo: kukaza nyuzi za mwisho huivuta shingo, na zile za kwanza hushuka. Nyuzi mpya zitanyooka na kushuka kwa siku kadhaa, usizilaumu.

Jambo moja nililijua kwa aibu. Wiki chache baadaye nilipima vizuri, mshale katikati, na bado nikawa chini ya kinanda. "Mwalimu, umerudi kambini?" kijana akanitania, safari hii sote tukacheka. Kumbe mtoto alichezea kitufe, na kona ya kioo ilisomeka 435 badala ya 440. Hiyo ni tofauti ya senti 20 hivi, na sikio huisikia. Mteja mwerevu hutazama kwanza kama mshale wa mizani uko kwenye sifuri. Nawe tazama kwanza kama kifaa kinasoma 440. Ukitumia programu ya simu, inayosikiliza kwa maikrofoni, tafuta pia mahali palipo kimya.

Lakini tusikitukuze kifaa kupita kiasi. Inanga yetu, ambayo mwimbaji huipiga akinong'ona, hupatanishwa kwa sikio na haiombi ruhusa ya 440. Aliyetufundisha Mtabila hakuwahi kushika tyuna, na bila sikio alilonipa nisingejua kwamba nyuzi sita zinaweza kuelewana.

Alichokosa ni mtu wa kulinganisha naye. Sisi tuliorudi tulikuja na mengi tuliyoyapatanisha wenyewe kwa wenyewe huko tulikokuwa: lugha, mapishi, namna ya kusalimia. Waliobaki nao walipatanisha yao. Siku mkitofautiana, kabla ya kuitana wabovu, tafuteni mizani, muipime yenyewe kwanza, kisha mtu akubali kukaza uzi wake.